Simi-Simi: Mwalimu aliyetaka bahari ndani ya nyumba

Kisangani, Simi-Simi. – Katika paseli moja, si mbali na uwanja wa ndege wa zamani ambapo askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, kuna sanduku la kioo lenye maji na samaki. Watoto wa avenyu nzima wanalijua. Wanapita baada ya masomo, wanasimama mlangoni na kuuliza kama wanaweza kuona. Mwenye nyumba ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari mjini. Wakaaji wanamwita Mwalimu tu, na hapa ataitwa hivyohivyo.

Sanduku hilo lilianza kwa ajili ya mtoto. Katika mwaka 2023, wakati wa mapigano ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga, familia nyingi zilivuka mto na kuja kulala kwa ndugu zao upande huu wa kulia. Dada ya Mwalimu alivuka na mtoto wake mmoja, mvulana wa miaka tisa. Bwana yake hakuvuka. Tangu siku ile mtoto alikuwa anakula, anakwenda shule, anachota maji, lakini hasemi. Akiulizwa anajibu kwa kichwa. Mama yake alimpeleka kwenye sala, bibi ya Mwalimu akampikia kila kitu anachopenda, hakuna kilichobadilika.

Siku moja mwaka uliofuata, ndugu mmoja wa familia anayefanya kazi Mombasa alituma video kwenye simu. Ilipigwa ndani ya mashua, juu ya matumbawe: samaki wa manjano, wa buluu, wenye mistari, wanapita juu ya mawe yanayofanana na maua. Mtoto aliitazama mara tatu, nne. Halafu akasema: “Noko, hawa wanaishi wapi?”

Ndiyo maneno yaliyomfanya Mwalimu apoteze akili kidogo. Kwa sababu ya swali hilo moja alichukua pesa iliyokuwa imewekwa kutengeneza friza ya bibi yake, friza ambayo mama huyo alikuwa anauzia maji ya baridi, akaenda kununua vioo na silikoni. Vioo vilifika Simi-Simi juu ya toleka, mwendesha baiskeli akitembea kwa miguu njia yote, anaogopa mashimo. Sanduku lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Hesabu inatoa lita 96. Yeye alijaza kama lita 80. Bibi yake alitazama kazi ile bila kusema neno. Wanaomjua wanasema kwamba kwake ukimya ni mbaya kuliko kelele.

Mwalimu alijua kwamba maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 katika kila lita. Lita 80 zinahitaji kilo 2 na gramu 800. Alinunua kilo 3 sokoni, chumvi ya kawaida ya jikoni, akaikoroga kwa mwiko mpaka maji yakawa angavu tena. Kwa kujaribu alitia mabundu watatu wadogo kutoka kidimbwi cha jirani. Kabla ya saa sita ya mchana wote watatu walikuwa wameelea. Bahati ni kwamba mtoto alikuwa shule. Mwalimu aliwafukia nyuma ya migomba.

Kosa lake lilikuwa mara mbili. Kwanza, samaki wa maji matamu hawezi kutupwa ghafla katika chumvi ya bahari. Maji ya mwili wake yanavutwa nje na figo zake hazijui la kufanya. Pili, chumvi ya jikoni si bahari. Ni sodiamu na klorini, na mara nyingi iodini kidogo iliyoongezwa kiwandani. Katika bahari kuna pia magnesi, kalsi, potasi, salfati na vingine vingi. Matumbawe yanajenga mifupa yao kwa kalsi. Bila hiyo yanakufa hata kama ulimi wako unasema maji haya ni chumvi kabisa. Watu wa Ulaya wanaofuga matumbawe nyumbani wananunua unga maalumu wa chumvi, wanachuja maji mpaka yasibaki na kitu, na wanapima karibu kila siku. Tena matumbawe magumu yako katika orodha ya mkataba wa CITES. Huyaingizi nchini mkononi kama mkate. Kutoka Simi-Simi mpaka bahari, kwa kufuata mto, ni zaidi ya kilomita 2 000. Mwalimu alikaa na kilo zake tatu za chumvi, sehemu ndani ya maji na sehemu ndani ya mfuko, akaona haya.

Aliyemtoa hapo ni mzee jirani, Mwenya aliyevua miaka mingi kwenye maporomoko ya Wagenia, katika ile mitego mikubwa inayoning'inia kwenye miti juu ya maji makali. Miguu imechoka, sasa anashona nyavu tu. Alipoambiwa habari ya bahari alicheka mpaka akakohoa. “Una mto mkubwa hivi nyuma ya nyumba,” akasema, “na unatafuta maji ya Mombasa?”

Baada ya siku chache mzee alileta bidoni iliyokatwa juu. Ndani mlikuwa na samaki wadogo sita wenye mapezi marefu, ambao magamba yao yanageuka kijani, buluu na dhahabu kila wanapozunguka, wa jamaa ya wale ambao Wazungu wanawauza kwa jina la Congo tetra. Pamoja nao walikuwa wawili wenye masharubu, wa jamaa ya Synodontis, weusi na madoadoa. Maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kumwagwa, sanduku limesuguliwa, limejazwa maji ya bomba yaliyokaa usiku mmoja ili klorini itoke. Hilo Mwalimu alilifanya vizuri. Halafu akatia samaki wote wanane siku ile ile.

Mtoto alipewa kazi ya kulisha. Alikuwa anaamka kabla ya wote, anahesabu: mmoja mpaka wanane. Kisha anawapa makombo ya mkate, fufu, punje za wali. Mchana tena. Jioni tena. Hakuna aliyemzuia, maana alikuwa anafanya kazi hiyo akinong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa habari njema ya nyumba nzima.

Siku ya nne maji yakawa meupe kama yameoshewa mchele. Siku ya sita samaki walipanda juu, midomo wazi, wanameza hewa. Siku ya nane asubuhi mtoto alihesabu watano. Alikwenda kumwamsha Mwalimu, akasimama kando ya kitanda.

“Noko, nani aliwaua?”

Kwa mtoto yule, kutoka pale alipotoka, swali hili halikuwa la samaki peke yao. Mwalimu hakuwa na jibu. Alisema labda ni ugonjwa, na akafanya yale ambayo kila mtu angefanya kwa hofu: aliwatoa waliobaki na kuwaweka katika beseni, akamwaga maji yote, akaosha mchanga na mawe kwa sabuni na javeli, akasuuza, akajaza upya. Sanduku liling'aa kama la dukani. Kabla ya wiki kwisha walikufa wawili wengine. Wakabaki watatu.

Usiku ule Mwalimu alikaa mbele ya kioo na daftari lake la masomo. Kwa miaka 14 amechora mzunguko wa azoti ubaoni: mishale mitatu, chaki nyeupe, interro kila muhula. Mavi na mkojo wa samaki pamoja na chakula kinachooza vinatoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria za aina moja zinaigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Bakteria nyingine zinageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa na inapunguzwa kwa kubadilisha maji. Ubaoni mishale hiyo inachorwa kwa dakika moja. Ndani ya kioo kipya bakteria hizo hazipo bado. Zinahitaji wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha juu ya mchanga, mawe na sponji. Yeye alitia samaki wanane siku ya kwanza, na bakteria kidogo zilizokuwa zimeanza kushika mawe aliziua mwenyewe kwa javeli.

Anayefuga matumbawe anaangukia shimo hilohilo, na kwake ni baya zaidi. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8. Kadiri pH inavyopanda hatua moja, sehemu ya amonia iliyo sumu kweli inakua karibu mara kumi. Maji ya mvua na ya vijito vya msitu wetu yana asidi, hivyo amonia inakaa katika sura isiyoumiza sana. Lakini nitriti katika maji matamu ni hatari: inaingia kwa njia ya mashavu, inageuza damu kuwa ya rangi ya kahawia, na damu hiyo haibebi oksijeni. Ndiyo maana samaki anameza hewa juu ya maji hata kama pampu inatoa mapovu.

Mwanafunzi mmoja wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani alimpa Mwalimu karatasi tatu za kupimia zilizobaki kwenye mazoezi. Mwalimu alizikata kwa urefu, akapata sita. Ya kwanza ilionyesha nitriti kwa rangi ya waridi kali. Hapo ile chumvi ya aibu ilipata kazi: vijiko viwili vidogo tu katika lita 80. Kloridi iliyo ndani ya chumvi inazuia nitriti kuingia katika mashavu ya samaki. Katika bahari kloridi ni nyingi sana, na kwa hiyo wafugaji wa matumbawe hawana hofu kubwa ya nitriti. Kwa bahati kilichobaki katika mfuko kilikuwa kinatosha kwa miaka.

Mengine yalikuwa subira. Kila siku alitoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa usiku mzima, nusu ya bomba na nusu ya mvua. Alikata kipande cha sponji ya godoro, akakisukuma ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa, akapitisha mrija wa pampu ndogo ya hewa: maji yanavutwa kupitia sponji na bakteria zinapata mahali pa kukaa. Mzee alileta mkono mmoja wa changarawe kutoka kijito alikowatoa samaki, bila kuiosha, kwa sababu uchafu ule ndio mbegu. Na sponji ikijaa, inakamuliwa katika ndoo ya maji yaliyotoka ndani ya sanduku lenyewe. Chini ya bomba, kamwe.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumwambia mtoto juu ya chakula. Mwalimu angeweza kumdanganya, na wengi katika paseli walimshauri hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameuliza swali na bado alikuwa anangoja. Mwalimu alimkalisha, akamwonyesha tumbo la samaki, dogo kama punje ya mchele, kisha akamwonyesha mkate uliooza chini ya mawe. Akasema: tuliwaua sisi, mimi na wewe, na mimi zaidi, maana mimi nilijua na sikukumbuka. Hatukutaka. Dada yake alikasirika sana kwa maneno hayo. Mtoto hakulia. Aliuliza wanakula kiasi gani, na kuanzia hapo akawa anawapa chembe anazoweza kuzihesabu, siku moja anatoa, siku moja anaacha.

Kulikuwa pia na mambo ya kuchekesha. Mmoja wa watatu waliobaki alikuwa wale wa masharubu, na jioni moja mtoto alimkuta amelala chali chini ya jiwe, tumbo juu. Nyumba ilijaa kelele. Mwalimu alichukua kijiko akamgeuza. Samaki akajigeuza tena. Akamgeuza mara tano. Mzee alipoitwa alitazama na kuketi chini kwa kicheko. Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo ndivyo anavyoogelea, chali, analamba chakula chini ya majani na miti iliyoanguka. Hata tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengine. Alikuwa mzima kuliko wote. Mwalimu wa biolojia alikuwa anamtesa kwa kijiko.

Kisha maji yakageuka kijani. Sanduku lilikuwa karibu na dirisha, jua la saa tisa linaingia moja kwa moja, na pima-joto la shule lilionyesha digrii 31. Mwani unataka mwanga na chakula, na hapo ulikuwa na vyote viwili. Ilibidi kutoa maji mpaka robo, kwa sababu lita 80 ni kilo 80, bila kuhesabu vioo, na meza ilikuwa imekwisha kuzama mguu mmoja katika sakafu ya udongo. Walilisogeza kwenye ukuta wa ndani. Baada ya wiki mbili kijani kilipungua chenyewe. Anayeanza na matumbawe anaona vumbi la kahawia, halafu nywele za kijani, pengine utando mwekundu, naye anakimbilia dawa. Mara nyingi dawa ni mwanga kidogo, chakula kidogo na kungoja.

Kwa samaki, maji kupata joto si jambo dogo. Maji matamu ya digrii 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8 katika lita. Yakifika 30 yanabeba kama 7 na nusu, na ya bahari yanabeba pungufu zaidi. Pampu ikifanya kazi, tofauti hiyo haionekani. Umeme ukikatika, inaonekana. Na katika mtaa huu umeme unakatika.

Usiku mmoja wa mvua ulikatika saa moja jioni. Karibu na saa nane za usiku mtoto alimgusa Mwalimu begani: wamepanda juu. Pampu ilikuwa imenyamaza saa nyingi, na sponji nayo ilikuwa hatarini, maana bakteria zile zinahitaji oksijeni kama samaki. Hakukuwa na batri. Mwalimu aliwasha buji, akachukua kikombe, akachota maji na kuyamimina kutoka juu, taratibu, yachukue hewa yanapoanguka. Mtoto akachukua kikombe cha pili. Wakawa wanapokezana, mmoja anachota, mwingine anamimina.

Katikati ya kazi ile mtoto alisema: “Baba alikuwa anafunga ngolo ndani ya majani mabichi. Walikuwa wanafika sokoni wazima.”

Mwalimu hakugeuka. Tangu kuvuka mto mtoto hakuwa amelitaja neno baba. Alijibu kama mwalimu, kwa sababu hakupata namna nyingine: kwamba ngolo ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya mashavu, kwa hiyo anaweza kukaa nje ya maji akiwa mbichi, lakini hawa wadogo hawawezi. Mtoto akauliza nina je, yule anayepiga umeme. Na mbenga. Na mboto. Akaeleza mwenyewe mahali ambapo baba yake alikuwa anatega, jina la kijito, na jinsi walivyokuwa wanalala kwenye kambi ya uvuvi moshi ukiwafukuza mbu. Mama yake aliamka kwa sauti ile, akasimama mlangoni gizani, hakuingia.

Umeme ulirudi kabla ya saa kumi na moja. Pampu ikaanza kutoa mapovu.

Leo ndani ya kioo kuna samaki saba: wale watatu wa zamani na wanne walioongezwa wawili wawili, wiki tatu kati ya kundi moja na lingine. Karatasi ya mwisho ya kupimia ilibaki nyeupe upande wa nitriti. Mtoto sasa anawaeleza watoto wengine mlangoni, na akiona mmoja ana mkate mkononi anamfukuza. Friza bado haijatengenezwa. Mama mwenye nyumba anasema samaki hao wamekula pesa yake ya maji ya baridi, na kwamba anangoja siku Mwalimu atakapolipwa malimbikizo yake. Lakini wiki jana, wakati wengine wote wako shule, jirani alimkuta amesimama mbele ya kioo na kikombe cha chai, anamtafuta yule anayelala chali.